Mombasa hadi Amu kwa Pijo la marehemu baba

Tumerudi wiki iliyopita. Daftari nililokuwa nikiandikia lililowa upande mmoja kwa maji ya rejeta (mtaona), kwa hiyo bei nyengine nimezitoa kwenye picha za simu na nyengine kichwani mwa Ami, ambaye husahau alipoweka miwani lakini hasahau shilingi.

Gari ni Peugeot 504 stesheni wagoni ya 1982, rangi ya maziwa, viti safu tatu. Pwani hakuna aliyewahi kulitaja kwa Kifaransa. Ni Pijo tu. Baba alituachia, na tangu arubaini yake limekaa chini ya mwembe likitiwa moto kila Jumapili. Ami ni mdogo wake baba. Amezaliwa 1953, mwaka ulioanza yale mashindano ya Safari Rally, na hili hukwambia kabla hujamuuliza. Alianza kazi ya utaniboi kwenye mabasi ya Mombasa na Lamu, akapanda hadi udereva, akastaafu mgongo ukiwa umekufa. Mwezi wa Januari tukapata kadi ya harusi ya jamaa zetu wa Langoni, mtaa wa Amu, ndiyo Lamu hiyo. Watoto wakasema tupande ndege. Ami akasema yeye Amu hajawahi kuingia kwa juu.

Siku ya 1, Jumanne. Mombasa hadi Malindi

Tumetoka baada ya alfajiri. Mafuta ya 5,000, upepo wa tairi bure kwa sababu kijana wa stesheni alipendezwa na gari. Tulipofika juu ya daraja la Nyali Ami akasema, "Shika sukani vyema, hili halina pawa." Mimi nikamjibu, kwa mdomo wangu usiotulia, kwamba sukani ni neno la chombo cha baharini. Kwa Waarabu ni ule ubao wa nyuma unaokata maji. Wazee wetu walipoona motokaa ina kitu cha kuigeuza, hawakuhangaika kutafuta jina, walilitoa majini wakalipandisha barabarani.

Ami hakukubali. "Gari la Mzungu, maneno ya Mzungu. Breki, gia, klachi, tairi, betri. Wewe unaniletea mashua."

Basi tukawekeana dau: kila neno la barabarani litakalotoka baharini, kifungua kinywa ni juu yake, kila la Mzungu, juu yangu. Kabla ya Mtwapa nilikuwa naongoza. Abiria ni mwenye kuvuka. Shehena ni ya jahazi kabla ya kuwa ya lori. Nauli ndiyo iliyomnyamazisha, maana Waarabu wenyewe waliipata kwa Wagiriki, kwao naulon ni malipo ya kupanda meli. Pale stendi ya Mtwapa kijana mmoja aliyening'inia mlangoni mwa matatu alikuwa akipiga kelele "Kilifi nauli mia mbili!" na hana habari kuwa anauza Kigiriki asubuhi na mapema. Neno gari lenyewe tukaliacha sare. Ni la Kihindi, gari la kukokotwa na ng'ombe, wala si la bahari wala la Mzungu.

Vipingo kwenye mkonge Ami akapata lake. Manamba, alisema, hawakuanzia kwenye matatu. Walikuwa vibarua wa mashamba ya mkonge, walioandikwa kwa namba badala ya jina. Leo manamba ndiye anayekuita wewe namba: "Mmoja! Mmoja tu tuondoke!" Na matatu? Senti thelathini, mapeni matatu ya senti kumi, ndiyo iliyokuwa nauli yake ya mwanzo huko Nairobi. Hilo ni lao Wakikuyu, sikumhesabia.

Kilifi tukasimama kula. Mahamri sita, mbaazi za nazi sahani mbili, chai ya maziwa: 260, na Ami alilipa akinung'unika. Kutoka mezani alinionyesha upande wa maji palipokuwa na feri. Daraja lilifunguliwa 1991. Kabla ya hapo basi likifika magharibi na foleni ni ndefu, abiria walilala hapo hapo na mbu. Taniboi hulala juu ya paa, akilinda mizigo. Nilimuuliza kwa nini taniboi. Akachukua kijiko akakizungusha hewani: ndiye aliyekuwa akizungusha hendeli mbele ya lori ili injini ishike, na ikirudi nyuma huvunja mkono. Akakunja mkono wa shati. Mfupa wa kigasha una kibonge mpaka leo. Kumbe miaka hamsini nimekiona kibonge kile na kudhani ni cha mpira.

Kwa wanaokuja nyuma: korosho nunueni Kilifi njiani, zilizokaangwa kwa chumvi, lakini onjeni kwanza mfuko ule ule mnaopewa, si ule wa kuonjesha.

Kuanzia hapo mpaka Gede sina la kusimulia ila kanda. Redio kaseti ya baba bado inaimba, na sandukuni mna kanda kumi na moja za taarabu, saba kati ya hizo za Juma Bhalo. Ndugu wa bara wanaomsikia mara ya kwanza hudhani ni sinema ya Kihindi, na si kosa lao, maana tuni nyingi alizitoa huko na kuzivika Kiswahili. Ami anazijua kotekote. Ubeti mmoja aliuimba na Bhalo, wa pili akauimba Kihindi cha sinema za Jumapili, asichoelewa hata neno, macho kayafumba. Mimi nilikuwa na sukani na lori la kokoto mbele yangu. Penye msitu wa Arabuko-Sokoke mashine ikaanza kumeza utepe, Bhalo akawa mzito kama amelewa, nikaitoa haraka. Kanda ni ukanda tu, nilimwambia Ami, kama ule wa feni. Nilisema hivyo kwa mzaha. Ningenyamaza.

Malindi tumeingia saa sita. Chumba cha vitanda viwili, feni na choo ndani, 2,200 bila chai. Mchana ule jua la kaskazi halina huruma, tukachukua tuktuk kwa 100 mpaka kwenye nguzo ya Vasco da Gama, ile nyeupe kama mshumaa uliopakwa chokaa juu ya mwamba. Watoto watatu walitusalimia "ciao", wakatutazama vizuri, wakasahihisha: "Shikamooni."

Nimeifika nguzo ile mara nyingi nikiwa mwanafunzi, na kila mara mwalimu alihadithia Mreno aliyefika Aprili 1498. Safari hii niliyekuwa nikimfikiria ni yule mwengine, aliyepewa hapa Malindi amwongoze mpaka Calicut, Bara Hindi. Mtu yule ni rubani. Rubani ndiye mjuzi wa njia za bahari, mwenye nyota na pepo kichwani. Leo ukisema rubani kila mtu atatazama juu. Nahodha amebaki majini, sukani imeshuka barabarani, rubani amepaa angani, wote wametoka chombo kimoja. Ami alisikiliza yote hayo akila embe la pilipili, kisha akauliza Mreno yule alilipa nauli au alipandia bure.

Wareno walichoacha hapa zaidi ya nguzo kimo majumbani mwetu: meza, bendera, kasha, leso. Na turufu, ambayo Ami aliitoa usiku ule barazani mwa gesti tulipocheza karata na mlinzi, akashinda shilingi mia na hamsini.

Siku ya 2, Jumatano. Malindi hadi Mokowe hadi Amu

Andikeni hili: kwa njia ya Lamu ondokeni mapema, tangi limejaa, kila mtu na kitambulisho chake mfukoni si ndani ya begi la chini. Vizuizi ni vingi na askari watataka kuona kila uso. Ulizeni usalama wa njia siku ile ile, na misimu ya mvua ulizeni pia mto Tana, maana ukifura huikata barabara upande wa Gamba na magari hukaa siku nyingi.

Daraja la Sabaki, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mambrui. Njia panda ya Ngomeni Ami alinionyesha upande wa bahari ambako Waitaliano walisimamisha jukwaa lao la kurushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru, kilirushwa kutoka pale chombo cha kuchunguza nyota, kikaitwa Uhuru. Chombo, tena. Hata la angani tumeliita chombo. Ami alikuwa na miaka kumi na saba. Wanasayansi huko duniani wanalijua neno letu hilo kama jina la mtambo, na nusu ya wapita njia wa Gongoni hawajui kuwa liliondokea uani kwao.

Marereni tulipita kwenye vilima vya chumvi. Kama kilomita ishirini mbele, saa tatu na nusu, sindano ya joto ikapanda, kukatokea mlio kama wa paka, na mvuke ukatoka kwenye boneti. Si ukanda wa feni, ashukuriwe Mungu. Paipu ya juu ya rejeta ilikuwa imepasuka urefu wa kidole gumba. Ndipo daftari langu, lililokuwa kwenye dashibodi na ambalo nililitumia kushikia kifuniko cha moto, likapata ubatizo.

Vichaka pande zote, na mbuzi. Ami akashuka, akaangalia, akasema neno moja: "Tumepwelewa." Hilo sikumlipisha. Chombo hupwelewa maji yanapokupwa na kukiacha mchangani, na kwa kweli hakuna neno jengine.

Tulikaa saa nzima na ushei. Magari mawili yalipita yakapiga honi za pole. Ami alipitisha muda kwa kunisimulia Safari Rally za Pasaka za zamani, redio moja barazani na watu thelathini, wakisubiri kusikia nani ametoka Taru na nani amezama kwenye tope. Joginder Singh alishinda 1965, 1974 na 1976, na huku akiitwa Simba. Ami anaamini kabisa kuwa simba tumelipata kwa Masingasinga, kwa sababu Singh maana yake simba. Nilimwambia maneno mawili yamekutana njiani tu, simba ni la Kibantu na lilikuwa likinguruma bara kabla Singasinga wa kwanza hajashuka Kilindini. "Yamekutana njiani," alisema, "kama sisi na huyu," maana lori la chumvi lilikuwa linapunguza mwendo.

Dereva wake ni kijana wa miaka thelathini hivi, kikoi, kandambili, kofia ya kufumwa. Aliingiza mkono kwenye injini kabla ya kusalimia, kisha akasalimia vizuri sana. "Shikamoo mzee. Hii tutaitia kalafati." Ami akanigeukia kunitazama. Mimi nikamtazama kijana. Kalafati ni ile pamba ya kuzibia mianya ya mbao za chombo.

Akatoa kwenye lori kipande cha tyubu kuukuu. Kwa kisu kidogo cha mpini wa pembe akakata utepe wa upana wa vidole viwili, bila kunyanyua kisu, akifuata mviringo kama anayemenya chungwa. Akafuta paipu kwa pindo la kikoi mpaka ikakauka. Akaanzia mbali na mpasuko, akiuvuta ule mpira mpaka unakuwa mwembamba na kung'aa, kila mzunguko ukipanda nusu ya wenziwe, akapita juu ya jeraha, akaendelea mpaka upande wa pili, akarudi. Safu tatu. Mwisho akauchomeka ncha chini ya mzunguko wa mwisho na kuukaza kwa meno. Tukatia lita tano za maji aliyokuwa nayo yeye, si sisi. (Bebeni maji ya gari mbali na ya kunywa. Sisi tulikuwa na chupa mbili na jeuri.) Kifuniko cha rejeta akasema kisikazwe mpaka mwisho, ili mvuke upate pa kupumulia.

Nilipomuuliza kalafati kaipata wapi alishangaa na swali. Baba yake ni fundi wa vyombo vya bahari Siyu, kisiwani Pate; utotoni kazi yake ilikuwa kumsokotea pamba. "Tundu ni tundu," alisema. Pesa alikataa, nikatoa 500, akaisukuma, nikatoa tena, akakasirika kidogo. Alichukua mahamri manne yaliyobaki tangu jana na kuondoka. Tulipofunga boneti tukakuta kisu chake juu ya bampa. Lori lilikuwa limeshakwenda Malindi, na sisi tunaelekea upande wa pili.

Kutoka hapo tulikwenda kilomita sitini kwa saa kama maarusi. Minjila, kizuizi. Daraja la Tana, ambapo Ami alikumbuka walivyovuka Garsen kwa pantoni ya kuvutwa kwa kamba, abiria wote wakishika. Gamba, kizuizi. Barabara siku hizi ni lami mpaka mwisho. Aliyeijua ya zamani, ile iliyokuwa ikilala na basi matopeni siku mbili, hawezi kuamini, na Ami hakuamini, kila baada ya muda alichungulia dirishani kuhakikisha. Witu tulikula wali na samaki wa kupaka kwa 300 sahani. Mji mdogo, na ulikuwa na sultani wake. Wajerumani waliushika 1885 wakaukabidhi kwa Waingereza 1890.

Mokowe saa kumi na moja jioni. Hapa gari linakoma. Uwanja wa kuegesha una mlinzi, tulikubaliana 300 kwa usiku, na Ami akaondoa waya mmoja wa betri kwa sababu haamini mlinzi yeyote aliye mdogo kwake. Boti ya abiria 150 kila mtu, mizigo bure. Mwanaboti alikuwa amekaa tezi, mkono mmoja nyuma kwenye mashine, akageuza ule mkono wa chuma na boti ikageuka. "Sukani hiyo," Ami alimwambia. Kijana akajibu, "Naam, sukani," akimshangaa mzee anayesema vitu vinavyoonekana.

Siku ya 3 na ya 4, Alhamisi na Ijumaa. Amu

Harusi ilikuwa harusi. Biriani njema, kelele nyingi, na nimepoteza kofia.

Matembezi ndiyo yaliyokuwa matamu. Mji wa kale hauna nafasi ya gari hata kama ungetaka; vichochoro ni vya punda na mtu mmoja, na ukisikia "Ndia! Ndia!" nyuma yako usigeuke kutazama, jibane ukutani, punda mwenye mawe ya matumbawe hana breki. Ndia ni njia, kwa Kiamu. Ami huipenda sauti hiyo, anasema ndiyo honi pekee yenye adabu. Kwenye ngome ya Amu alikaa nje hakutaka kuingia. Ngome ile ilikuwa jela mpaka 1984, na kuna abiria mmoja wa zamani aliyemteremsha pale akiwa na pingu. Gereza, kwa taarifa yenu, kwa Wareno lilikuwa kanisa. Hilo sikumwambia pale.

Ijumaa baada ya sala tulikwenda Matondoni kwa boti, 2,000 kwenda na kurudi baada ya kupatana kutoka 3,500. Chini ya paa la makuti palikuwa na mashua imelazwa ubavu. Fundi mzee alikuwa ameshika patasi butu na nyundo ya mti, anasukumia pamba iliyolowa mafuta kwenye mwanya wa mbao mbili, tok, tok, tok, kisha anasogea upana wa dole. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya paipu ya rejeta. Akaivuta karibu na mato, kama wanavyosema wao, akaitazama kwa muda.

"Alofunga hii nani?"

"Kijana wa Siyu, dereva wa lori."

"Hakukaza mwanzo," alisema, akanirudishia simu. Akaendelea na kazi.

Ami alikaa naye mpaka alasiri. Niliporudi kutoka kupiga picha niliwakuta wanabishana juu ya shahamu, lile shahamu la chokaa linalopakwa tumboni mwa chombo, kama ni bora kuliko rangi ya dukani. Ami alikuwa akilitetea shahamu kwa mfano wa grisi ya beringi. Hesabu ya dau nimeipoteza hapo, maana sikujua tena nani anashindania upande upi.

Halua ya Amu, kilo moja, 600. Nunueni asubuhi ikiwa ya moto.

Siku ya 5, Jumamosi. Kurudi

Waya wa betri ukarudishwa, likashika kwa stata ya pili. Paipu ilikuwa kavu. Nilisimama mara tatu kuikagua na mara zote tatu Ami hakushuka.

Marereni tukaingia kwenye kibanda cha chai kinachotazamana na mizani ya chumvi, malori manane nje. Tulikuwa na kisu, kimefungwa kwenye karatasi ya halua, pamoja na nusu kilo ya halua yenyewe. Tatizo ni kwamba hatukumuuliza jina. Mama wa kibanda alitusikiliza akimimina chai. Madereva kwake ni wengi, alisema, wa wapi huyo?

"Siyu," nikasema. "Kikoi. Hataki pesa."

"Alisema kalafati," Ami akaongeza.

"Aaa, huyo." Akachukua kifurushi, akanusa halua, akakiweka chini ya meza karibu na sanduku la pesa. "Amenilaumu siku tatu kisu chake nimekificha mimi."

Chai mbili, 40. Mombasa tumeingia baada ya isha, na mpira wa tyubu bado uko pale pale kwenye paipu; fundi wa mtaani amenipigia simu mara mbili kuwa paipu mpya imefika.